Ndoo Iliyopiga Kelele Kilunde

Saa moja asubuhi ukungu bado umelala bondeni, na Felista Kobelo ameshachomoa simu ya kwanza kwenye waya. Anaipangusa kwa upindo wa kanga, anaitazama kama imejaa, anaiweka kando. Anachukua kitochi, simu ndogo ya vitufe, kilichofungwa raba ya njano, anakichomeka mahali pake. Haulizi ni cha nani.

"Raba ya njano ni ya mzee anayekaa chini ya kanisa," anasema bila kugeuka. "Hii yenye ufa ni ya Shukuru. Simu za watu wa hapa nazijua kuliko sura zao."

Kibanda chake kiko kando ya njia, juu kabisa ya kitongoji cha Kilunde, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru. Ukisimama mlangoni unaona mashamba ya ngazi yanashuka: kabichi, njegere, karoti, kabichi tena, mpaka chini kabisa unakopita Mto Mzinde. Umeme wa nguzo haujafika huku. Mwenye simu anamtegemea Felista na paneli zake mbili za sola.

Au tuseme alikuwa anamtegemea. Leo ni siku ya gulio, na juu ya mbao za Felista kuna simu tano. Tano, jamani! Mwaka jana siku kama hii watu walipanga foleni mpaka kwenye migomba, na wengine waliacha simu zao juu ya mfuko wa unga kwa sababu mbao zimejaa.

Pembeni ya mlango kuna ndoo. Ni ndoo ya kawaida, nyekundu, ya lita ishirini, iliyowahi kuwa na rangi ya ukutani, na mfuniko wake upo juu. Haitumiki kwa lolote. Lakini mtazame mteja anavyokuja: akifika karibu na mlango anaizunguka kwa mbali, kana kwamba kuna mbwa mkali amelala pale. Mama mmoja aliyeleta simu ya mjukuu wake anapiga kwanza ishara ya msalaba, haraka haraka, ndipo anasalimia.

"Umeona?" Felista anasema mama huyo akishaondoka. Anacheka, lakini si cheko la furaha. "Ndoo ya rangi hiyo. Inaogopwa kuliko chui."

Felista ana miaka arobaini na mmoja. Kazi hii aliianza na paneli moja aliyoinunua baada ya kuuza nguruwe wawili, akawa anatoza shilingi mia tano kwa kila simu. Ndiyo iliyomjengea nyumba ya bati. Ndiyo iliyomsomeshea binti yake. Sasa nyaya nyingi zimeshaviringishwa na kufungwa kamba, na paneli ya pili imeteremshwa, imeegemezwa ukutani. Jumatatu anahama. Mdogo wake, Ernest, amempatia meza ya kutengeneza na kuchaji simu Mwembesongo, mjini Morogoro.

"Sikutaka kuondoka," anasema. "Lakini nitakaa vipi mahali ambapo mama yangu mzazi hanisemeshi?"

Mama yake yuko kule chini. Ukungu ukipanda utamwona, Felista anaelekeza kwa kidole: mwanamke mwembamba, kilemba cheupe, amesimama ndani ya maji mpaka magotini, anakanyaga karoti. Ndiye Bibi Filomena. Tangu masika iliyopita, mama na binti wanapishana njiani kama watu waliokutana stendi.

Na kosa la Felista ni nini? Hapo ndipo mtu anashika kichwa. Kosa lake ni kwamba alimwokoa.

Mambo yalianzia redioni. Serikali ilitangaza kwamba imeweka mfumo mpya wa tahadhari: kukiwa na mafuriko au maporomoko, kila simu iliyoko eneo la hatari italia kwa nguvu, hata kama imezimwa sauti, na maandishi yatatokea kwenye kioo. Ili watu waizoee, kungekuwa na jaribio. Siku iliyotajwa iliangukia gulio la Kilunde.

Mwenyekiti wa kitongoji, Ezekiel, alipita na kipaza sauti akirudia maneno yale yale. "Msishtuke," alikuwa anasema. "Ni jaribio. Msishtuke."

"Hapo ndipo watu walipoanza kushtuka," anakumbuka Felista. "Maana walikuwa wameshaanza kusahau."

Maneno yakazagaa. Mmoja akasema mlio ule unanyonya salio. Mwingine akasema mjamzito akiusikia mtoto anageuka tumboni. Hayo watu waliyacheka kidogo. Ila lilikuja moja ambalo hakuna aliyelicheka, nalo liliingia kwa sauti ya Ernest, kwenye simu ya Felista mwenyewe.

"Dada, sikiliza," ilisema sauti hiyo iliyorekodiwa Mwembesongo, honi za bodaboda zikisikika nyuma. "Hiyo si tahadhari. Simu ikilia tu, wanajua umesimama wapi. Wanataka kupima nani analima karibu na msitu wa hifadhi. Halafu mtasikia mnaambiwa hameni. Siku hiyo usikae shambani na simu, na wala usiizime, maana atakayezima ataandikwa kuwa anajificha. Mtumie na mwenzako."

Mtu wa mjini anaweza kuyasikia hayo akatikisa kichwa. Huku milimani, neno "mpaka wa msitu" linatosha kumtoa mtu usingizini. Shamba ni la ukoo, na kwa Waluguru ukoo unafuata upande wa mama. Kile kipande cha karoti kule chini ni cha Bibi Filomena, alikipata kwa mama yake, na kikipotea kimepotea kwa Felista na kwa binti wa Felista. Ukisema serikali inakuja kupima, hata mtu aliyesoma anakohoa kidogo.

Felista hakukaa nayo. Kila aliyekuja kuchaji alimsikilizisha. "Nilikuwa nawachezea kama wimbo," anasema, na anajipiga paja. "Mimi mwenyewe! Niliamini kila neno."

Sasa ikawa: simu usizime, na shambani usiende nayo. Utaipeleka wapi? Nyumba nyingi za Kilunde ziko humo humo mashambani. Basi kikapatikana kitu ambacho Felista akikisimulia leo anafunika uso kwa kanga. Mtu mmoja, hakumbuki nani, alisema mbele ya kibanda: "Si tuziache zote hapa kwa Felista? Wakipima, watakuta Kilunde yote inaishi kwenye kibanda kimoja."

Watu walishangilia! Walishangilia kama wameshinda mechi. Serikali na mitambo yake yote ingekuja kutafuta wakulima wa karibu na msitu, na ingekuta kitongoji kizima kimejazana kwenye chumba cha mbao kisichotosha kulala mbuzi wawili.

Asubuhi ya jaribio walikuja na simu zao kabla jua halijatoka, wazee kwa vijana. Mwenyekiti Ezekiel, aliyekuwa anatangaza watu wasishtuke, naye alikuja na ya kwake, kaificha ndani ya koti. "Tafadhali, isijulikane," alimnong'oneza Felista. Mbao zilijaa. Kwa kuwa walishaambiwa zitapiga kelele, Felista alichukua ndoo ya rangi, akatandika blanketi ndani, akazipanga simu zote humo, akafunika na kuweka jiwe juu ya mfuniko.

Saa nne zikalia.

"Nilijua zitalia, na bado niliruka," anasema. "Simu moja ikilia ni kelele. Hizo zililia kitongoji kizima kwa mpigo, ndani ya ndoo. Kibanda kilitetemeka, kuku walikimbia. Nilidhani sola imelipuka."

Halafu zikanyamaza. Alifunua, akasoma: hili ni jaribio, huna haja ya kufanya chochote. Watu waliokuwa karibu wakacheka mpaka wakakaa chini. Serikali imepigwa chenga! Hakuna aliyechukua simu yake. Walisema ziendelee kukaa humo hadi jioni, pengine bado wanapima. Wakateremka mtoni kuosha karoti.

Kuosha karoti ndiyo kazi ya siku ya gulio. Karoti zikishang'olewa zinamwagwa kwenye dimbwi mahali mto unapokata kona, na akina mama wanaingia miguu mitupu, wanazikanyaga na kuzigeuza mpaka udongo utoke, huku wanaimba. Magari ya mizigo yanasubiri ukingoni. Kuna jiwe moja bapa katikati, na juu ya jiwe hilo husimama Bibi Filomena, kama alivyosimama mama yake. Siku hiyo kulikuwa na kina mama wengi, wapakiaji wengi, na Fuso moja iliyotoka Dumila, dereva wake akiitwa Hamisi.

Jua lilikuwa linawaka. Kila mtu anakubaliana na hilo, hata wasiokubaliana na kitu kingine chochote. Anga ilikuwa safi. Juu kabisa, kule kileleni ambako huwa hakuonekani kwa mawingu, ndiko kulikokuwa na mambo mengine.

Mchana Felista alikuwa anakula kiporo cha makande simu zilipolia tena.

"Nikasema, hawa nao wamezidi. Jaribio gani mara mbili?" Hakunyanyuka. Alimalizia tonge. Mlio haukukoma. Ulikatika kidogo, ukaanza upya, mkali zaidi. Ndipo akaenda kufunua ndoo, kwa hasira tu, ili azizime moja moja.

Alichokiona kwenye kioo cha kwanza kilikuwa na rangi nyekundu. *Hatari. Maji mengi yanashuka Mto Mzinde. Ondokeni bondeni sasa hivi. Pandeni juu. Hili si jaribio.*

Akachukua ya pili. Maneno yale yale. Ya tatu, yale yale. Aliinua macho akatazama anga: bluu. Akatazama bondeni: kilemba cheupe juu ya jiwe.

"Nikajiuliza," anasema, mkono uko kifuani, "nimwamini nani? Niiamini simu, au niamini macho yangu? Na mimi ndiye niliyewaambia watu simu hii ni ya uongo. Mimi, kwa mdomo wangu."

Alipiga yowe. Mto una kelele zake, na kina mama walikuwa wanaimba; hakuna aliyegeuka. Akapiga tena mpaka koo likauma. Mpaka leo hawezi kueleza kwa nini alichofanya baadaye kilikuwa kile. Pengine alifikiri kila mtu atataka kujisomea kwenye simu yake mwenyewe, kwa kuwa yeye hakuna atakayemsadiki. Alijitwika ndoo kichwani, simu zote ndani zinapiga kelele, mfuniko hauna jiwe, na akashuka mbio.

Hebu ifikirie sauti hiyo inateremka mlimani.

Hamisi, dereva wa Fuso, anaisimulia kwa mikono miwili. Huwa anapita Kilunde kila gulio na hadithi hii ameipeleka mpaka Dumila. "Mimi nimelala kwenye siti, nasikia mlio, kaka, mlio wa ajabu, unakuja unakua. Natoa kichwa, naona mama anashuka na ndoo inalia. Ndoo inalia! Nilisema leo Hamisi umekwisha, hata buriani hukuaga."

Kina mama nao walisikia. Walipoelewa kuwa ni zile simu, ile sauti yenyewe waliyotahadharishana wiki nzima, na kwamba inakuja kuwafuata humo humo mashambani, hawakungoja. Walikimbia.

Walikimbia kuelekea chini.

Felista anasimama anapofika hapa. Anaenda mlangoni, anaonyesha kwa mkono mzima. "Mimi natoka juu. Mtu anayekimbia kitu kinachotoka juu anakwenda wapi? Si chini? Walikuwa wananikimbia mimi, wanauingia mto! Wengine walishafika katikati wanataka kuvuka. Na mama yangu yuko mbele, anaokota karoti ananirushia. Anasema, 'Rudi nayo! Usituletee huku! Felista, unataka kutuuza?' Moja ilinipata hapa." Anagusa nyusi.

Alilia. Anasema wazi kwamba alilia kama mtoto, huku anakimbia. Kila hatua aliyowasogelea, nao walisogea karibu zaidi na maji. Kusimama hakufai, kurudi hakufai, na kuongea hakufai kwa kuwa ndoo inamfunika sauti.

Basi akaacha njia. Alikata kushoto, akapita katikati ya njegere za watu, akaruka ngazi za mashamba moja baada ya nyingine, akaanguka, akanyanyuka, hajaiachia ndoo. Aliingia mtoni juu kidogo ya dimbwi, akavuka kwa kushika mawe, akatokea ng'ambo yao. Hapo akageuka, akawaelekea uso kwa uso. Sasa yeye ndiye aliyekuwa upande wa maji, na nyuma yao kulikuwa na mlima.

"Nikaiinua ndoo juu, nikavuka tena kuwafuata, nikawafukuza kama mbuzi," anasema. "Na nilitukana. Sijawahi kutukana vile. Nilimtukana hadi mwenyekiti."

Wakapanda! Walipanda kwa mikono na magoti, wamejaa matope, wanalaani, wengine wanasali, na Bibi Filomena nyuma ya wote, anageuka kila hatua kumpa binti yake vidonge vyake. Hamisi aliacha mlango wa Fuso wazi na kiatu kimoja ndani. Walikuwa wamefika kwenye ngazi za kabichi pale ndoo iliponyamaza ghafla, ujumbe umekwisha, na kukawa kimya.

Ndipo wakasikia sauti nyingine.

Felista hana maneno mengi kuhusu mto. Anasema ulikuja ukiwa mweusi. Anasema ulikuja na miti iliyosimama wima, mizizi chini na majani juu, kana kwamba inatembea. Dimbwi la kuoshea lilijaa na kupotea kabla mtu hajamaliza kusema Yesu. Magunia ya karoti yalikwenda. Fuso iliinuliwa nyuma, ikageuzwa, ikalazwa ubavu kwenye mwamba. Jiwe bapa la Bibi Filomena lilifunikwa, na maji yalipopungua siku ya pili lilikutwa limesogea mbali na mahali pake, jiwe ambalo wapakiaji wote wa gulio wasingeweza kulitikisa.

Hakufa mtu. Hata mmoja. Walihesabiana pale juu, wakahesabiana tena, hawakuamini.

Ukisikia hapo unadhani hadithi imefika mwisho. Unadhani Felista alibebwa juu juu, akapewa jogoo, akaitwa mbele kanisani. Naye alidhani hivyo, haoni aibu kusema.

Kesho yake walikuja kuchukua simu zao. Walikuja kimya, mmoja mmoja. Wengine walizichomoa ndooni kwa kutumia kijiti. Hakuna aliyesema asante. Mzee wa chini ya kanisa, yule wa raba ya njano, aliyekuwa amebebwa mgongoni wakati wa kupanda, ndiye aliyetamka kilichokuwa vichwani mwa watu. "Jua lilikuwa linawaka," alisema. "Simu zimelia, ndipo mto ukashuka. Mimi ni mtu mzima, siwezi kudanganywa. Zile simu ndizo zilizouita."

"Nilihisi nimepigwa na kitu," anasema Felista. "Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nikawaambia, jamani, iliandika maji yanakuja! Wakaniambia, ndiyo, iliyaandika yaje."

Na pale alipomtegemea mama yake amtetee, Bibi Filomena alisimama mbele ya kibanda na kusema kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya kuliko ya juu: "Umeniletea mto, Felista. Kwenye jiwe la bibi yako." Akageuka, akashuka. Tangu siku hiyo hakumsemesha. Shikamoo ya binti haikupata marahaba.

Bibi huyo anakaribia miaka sabini, na ukimfuata mtoni atakujibu vizuri tu, anakanyaga karoti. Wanawake wamerudi pale pale, jiwe wamelitafutia mahali jipya. "Mimi sina ugomvi na mtu," anasema. "Nauliza swali, na hakuna anayenijibu. Toka nizaliwe nakanyaga hapa. Mto huu ulikuwa unatuma dalili: unachafuka kwanza, unanuka udongo, ndipo unajaa. Siku hiyo haukuchafuka. Kipya kilikuwa kimoja tu, ile kelele. Sasa wewe uliyesoma, niambie, kwa nini ilie siku ile ile?"

Ukimjibu kwamba ililia kwa sababu kulikuwa na mvua kileleni na kuna vipimo huko juu, anatabasamu kwa upole, kama anavyomtabasamia mtoto aliyemwambia mwezi unamfuata.

Watu wakaanza kupeleka simu zao kuchaji kijiji cha pili, mwendo wa kupanda na kushuka, ili tu wasizikalishe karibu na ndoo ile. Pesa ya gulio ikamwisha Felista mkononi. Felista alimpigia Ernest. "Dada, mimi nilitumiwa tu, nikatuma," alisema. Siku chache baadaye akatuma sauti nyingine: eti kuna watu wanafungulia maji kwanza, halafu wanatuma tahadhari ili waonekane wanafanya kazi.

"Nilimwuliza, Ernest, wanafungulia wapi? Huku kuna bomba?" Felista anatikisa kichwa. "Akasema nisiwe mbishi. Mdogo wangu wa tumbo moja. Mama yake alikuwa ndani ya maji yale."

Lakini meza ya Mwembesongo ni Ernest huyo huyo aliyemtafutia, na Felista ameikubali. Anasema anachoka na misalaba ya watu mlangoni. Kinachomnyima usingizi ni kimoja: masika inarudi, mto ni ule ule, na kina mama wanaacha simu zao nyumbani kabisa, chini ya godoro, zimezimwa. "Zikilia tena, nani atasikia? Nikiwa Mwembesongo nitaletewa habari tu, kwamba mama yako hayupo."

Saa nne ukungu umeshapanda na jua limefunguka. Wimbo wa kina mama unafika mpaka kibandani. Felista amemaliza kufunga nyaya, sasa anatafuta cha kuziwekea. Anaitazama ndoo. Haijaoshwa tangu siku ile. Ndani kuna matope yaliyokauka na kipande cha blanketi. Haiwezi kutiwa nyaya ikiwa hivyo. Kuna chemchemi chini kidogo ya njia, hatua chache tu. Anajitwika ndoo kichwani kama mwanamke yeyote wa milimani anavyojitwika ndoo, na anashuka, kwa haraka kidogo kwa sababu njia ina utelezi.

Hajafika kwenye chemchemi wimbo unapokatika.

Unakatika katikati ya neno. Halafu sauti moja nyembamba inapaa kutoka bondeni: "Ndoo! Ndoo inashuka!"

Na bonde zima linanyanyuka. Kina mama wanatoka majini, kanga zimefungwa viunoni, karoti zinaachwa zinaelea. Wapakiaji wanatupa magunia. Hamisi, safari hii na viatu vyote viwili, anawapita wengine kwenye kona. Hakuna anayekimbilia chini. Wote wanapanda, moja kwa moja, kuja juu, kumwelekea yeye.

Felista amesimama katikati ya njia, mdomo wazi, mkono umeshika ukingo wa ndoo. Anajaribu kuwapungia kwamba hakuna kitu. Wanaona mkono unapunga, wanaongeza mbio.

Wa kwanza kumfikia ni kilemba cheupe. Bibi Filomena ameshika kiuno, anahema, maji yanamchuruzika miguuni. Anaitazama ndoo. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu masika iliyopita, anamtazama binti yake usoni.

"Imelia?"

"Shikamoo mama. Haijalia. Nilikuwa nakwenda kuiosha."

"Marahaba," anasema bibi, akiwa bado anahema, na wala haonekani kujua kwamba ameitika. "Kuiosha ya nini?"

"Naweka nyaya. Jumatatu nahamia Mwembesongo."

Nyuma yake watu wanaendelea kufika, wengine wanaanguka kwenye majani, wengine wameanza kucheka na kutukana. Mzee wa raba ya njano, ambaye hakuwa hata mtoni, ametoka nyumbani kwake na kiti mkononi. Bibi Filomena hacheki. Anaishika ndoo kwa mikono miwili, anamtua binti yake.

"Sikiliza, Felista. Hizo simu zenu siziamini, na hapo hunibadilishi. Lakini nikikuona wewe na ndoo hii, miguu inapanda yenyewe." Anavuta pumzi. "Sasa ukiwa Mwembesongo, mimi nitakuona vipi?"

Felista anakaa chini pale pale njiani, anajifunika uso kwa kanga, analia. Mama yake anamwacha alie, amesimama karibu naye, amekumbatia ndoo.

Mchana paneli ya pili inarudishwa juu ya bati. Ernest amepigiwa simu na kuambiwa meza hiyo ampe mtu mwingine, na asitume sauti nyingine yoyote Kilunde. Felista ameazima panga. Kuna migomba miwili inayoziba kidogo mlango wa kibanda ukitazama kutoka kwenye jiwe la kuoshea, na mipango yake ni kuikata leo leo kabla jua halijazama. Ndoo iko mahali pake pembeni ya mlango, na matope yake ndani.

Bibi Filomena ndiye aliyeirudisha. Aliiweka, akaifunika, akaanza kuteremka kwenye karoti zake. Alipofika kwenye kona alisimama, akageuka, akapaza sauti ambayo bonde zima liliisikia.

"Na siku nyingine ukitaka kuosha kitu, tumia beseni!"